Nchi Bila Kodi: Namna ya Kulipima Wazo Hili kwa Kalamu na Kikokotoo

Kila Juni bajeti ikisomwa, swali hurudi lile lile: kwani nchi haiwezi kwenda bila kodi? Mwenye ndugu Maskati au Dubai hutoa mfano wa Ghuba, mwingine hutaja dhahabu ya Geita na gesi ya Mtwara, na mabishano huishia hapo kila mtu akiwa na lake. Swali hili lina majibu ya hesabu, na hesabu yenyewe haimshindi aliyemaliza darasa la saba. Hapa tunaonyesha namna ya kuifanya kwa nchi yoyote, tukitumia bajeti ya Tanzania ya 2024/25 kama mfano.

Andaa vitu vinne: hotuba ya bajeti ya mwaka mmoja (tovuti ya Wizara ya Fedha huiweka yote), idadi ya watu kwa sensa ya mwisho, thamani ya bidhaa kuu ambayo nchi inauza nje, na kikokotoo cha simu. Tenga saa mbili. Mwaka wa takwimu zote uwe mmoja au unaokaribiana. Ukichukua mapato ya 2024 na idadi ya watu ya 2012, jibu litakuwa bovu hata kama umejumlisha sawasawa.

Kwanza, amua kipi ni kodi

Hapa ndipo mabishano mengi hupotelea. Kodi ni fedha unayoitoa kwa lazima bila kupewa kitu chako mahsusi mkononi. PAYE (kodi inayokatwa kwenye mshahara), VAT (kodi ya ongezeko la thamani), ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa, kodi ya faida ya kampuni na tozo za kwenye mafuta zote zimo. Ada ya pasipoti ni jambo jingine, maana umelipa na pasipoti umepewa. Mrabaha wa madini nao ni bei ya mali ya taifa, analipa anayeichimba. Gawio ni faida ya mwenye hisa. Mkopo ni deni. Weka kila kimoja kwenye safu yake kabla hujapiga hesabu yoyote.

Ukishatenganisha hivyo, zile "nchi zisizo na kodi" zinazotajwa vijiweni huanza kupungua. Monaco haitozi wakazi wake wengi kodi ya mapato tangu 1869, lakini VAT inatozwa kwa utaratibu wa Ufaransa, asilimia 20 kwa bidhaa nyingi. Bahamas haina kodi ya mapato, ina VAT ya asilimia 10 na ushuru wa bidhaa zinazoingia nchini. Alaska ilifuta kodi yake ya mapato mwaka 1980, ila Alaska ni jimbo: mkazi wake bado analipa kodi ya mapato ya serikali kuu ya Marekani, ambayo ndiyo inayolipia jeshi. Nchi isiyo na kodi ya mapato si nchi isiyo na kodi, na anayechanganya hayo mawili mrudishe hatua hii.

Njia nzuri ya kuzoeza jicho ni kushika bidhaa moja na kuipekua. Chukua mfuko wa saruji wa kilo 50 ulionunuliwa kwa shilingi 17,700 na risiti ya EFD, mashine ya risiti za kodi. VAT iliyomo ndani haipatikani kwa kuchukua asilimia 18 ya 17,700. Ukifanya hivyo unapata 3,186, na umekosea, kwa sababu bei hiyo tayari imebeba kodi. Zidisha 17,700 kwa 18, gawa kwa 118: inakuja 2,700. Hiyo risiti itakuonyesha. Ambacho risiti haikuonyeshi ni ushuru wa shilingi 20 kwa kila kilo uliowekwa kwenye saruji kuanzia mwaka wa fedha 2023/24, yaani shilingi 1,000 kwa mfuko. Umeshafika 3,700, zaidi ya shilingi 20 katika kila 100 uliyolipa, na mafuta ya lori lililoleta saruji hujayagusa. Mama lishe anayejenga chumba kimoja, ambaye hajawahi kuona fomu ya kodi ya mapato, ni mlipakodi kamili. Kwa hiyo mtu akisema "wanaolipa kodi ni wachache", muulize anaongelea kodi ipi.

Pili, pima ukubwa wa shimo

Bajeti ya Tanzania ya 2024/25 ilipangwa kuwa shilingi trilioni 49.35. Mapato ya ndani yalikadiriwa trilioni 34.61, na katika hayo Mamlaka ya Mapato ilitakiwa kukusanya takriban trilioni 29.4. Kilichobaki ni mapato yasiyo ya kodi, makusanyo ya halmashauri, mikopo na misaada. Shimo la kuziba, kodi ikifutwa, ni hiyo 29.4. Usichukue 49.35, kwa kuwa ndani yake kuna mikopo, na wala usichukue 34.61 yote, kwa kuwa ndani yake kuna ada na mrabaha ambavyo vitaendelea kuwapo.

Sasa gawa kwa watu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Inatoka kama shilingi 476,000 kwa kichwa kwa mwaka, mtoto mchanga akiwamo. Ukichukua dola moja kwa shilingi 2,600 hiyo ni dola 183 hivi. Andika namba hii juu ya karatasi na uizungushie duara. Matrilioni hayamsaidii mtu kufikiri. Kiasi kwa kichwa ndicho kinachosema, na kila chanzo mbadala utakachopendekeza lazima kisimame mbele yake.

Tatu, leta vyanzo mbadala kimoja kimoja

Anza na madini, maana ndiyo hutajwa kwanza. Dhahabu iliyouzwa nje na Tanzania mwaka 2023 ilikuwa na thamani ya takriban dola bilioni 3. Igawe kwa watu: dola 49 kwa kichwa. Angalia vizuri hiyo ni nini. Ni bei ya dhahabu yote, kana kwamba serikali imeichukua bure na dizeli, mitambo, baruti na mishahara ya wachimbaji havikugharimu hata senti. Hata hivyo inaziba robo tu ya shimo. Kisheria serikali hupata mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1, pamoja na hisa zake migodini na kodi za kampuni, na hizi za mwisho huwezi kuzihesabu kwa sababu umeshafuta kodi. Kosa la kuchukua thamani ya mauzo ya nje na kuiita mapato ya serikali ndilo linalozaa nusu ya ahadi za "tuna utajiri wa kutosha".

Weka Kuwait pembeni yake. Inachimba mapipa kama milioni 2.5 kwa siku na raia wake ni kama milioni 1.5. Pipa moja na zaidi ya nusu kwa kila raia, kila siku inayokucha. Pipa likiwa dola 70, ni zaidi ya dola 40,000 kwa raia kwa mwaka kabla ya gharama, tena gharama za kuchimba pale ni ndogo. Dola 49 na dola 40,000: tofauti hiyo haizibwi na uadilifu wala uongozi bora, ingawa vyote viwili tunavihitaji. Ni jiolojia ikigawanywa kwa idadi ya watu. Anayetaka Tanzania, Kenya au Kongo iishi kama Kuwait anatakiwa aonyeshe kisima cha kutosheleza makumi ya mamilioni ya watu, na kisima hicho hakipo.

Mashirika ya umma na hisa za serikali ni chanzo cha pili. Juni 2025 taasisi na kampuni zilikabidhi kwa serikali gawio na michango ya zaidi ya shilingi trilioni 1, na ilikuwa hatua kubwa. Ukilinganisha na shimo, ni kama asilimia 3 na nusu. Angalia pia lisihesabiwe mara mbili: gawio hilo tayari limo kwenye mapato yasiyo ya kodi.

Ada zinahitaji muda zaidi, kwa kuwa ndizo zinazovutia watu makini. Hoja ni kwamba kila mtu alipie anachotumia. Kipimo chake ni lango. Jiulize: huduma hii naweza kuiwekea lango, asiyelipa asipite? Daraja la Nyerere pale Kigamboni lina lango: gari linasimama, linalipa, linapita, na fedha ile inarudisha gharama za ujenzi. Pasipoti, leseni na umeme vina lango. Sasa jaribu kuweka lango kwenye dawa ya mbu iliyopulizwa mtaa mzima, kwenye ulinzi wa mpaka, kwenye taa za barabarani au mahakama inayomfanya tapeli aogope kabla hajakugusa. Asiyelipa ananufaika sawa na aliyelipa, na baada ya miezi michache hakuna anayelipa.

Kuna huduma nyingine zinakubali lango kabisa, lakini lango lenyewe ndilo linaleta madhara. Kenya ilipofuta ada za shule za msingi mwaka 2003, wanafunzi waliongezeka kutoka kama milioni 5.9 hadi zaidi ya milioni 7 ndani ya mwaka ule ule. Watoto wale zaidi ya milioni moja walikuwapo siku zote, nje ya lango. Unapoandika "ada" kwenye safu ya elimu na afya, andika pembeni idadi ya watakaobaki nje, la sivyo hesabu yako imeficha gharama kubwa kuliko zote.

Kuchapa fedha. Wapo wanaouliza kwa nia njema kwa nini Benki Kuu isichape tu. Benki Kuu yenyewe hutoa kila mwezi takwimu za noti na sarafu zilizo mikononi mwa watu. Zilinganishe na 29.4. Shimo ni kubwa mara kadhaa kuliko noti zote zilizopo mtaani, na lingerudi kila mwaka. Bidhaa sokoni hazijaongezeka, noti zimeongezeka, bei inapanda. Thamani inayotoka kwenye akiba ya muuza nyanya inaingia serikalini bila Bunge kupiga kura. Hiyo ni kodi, ila haina kiwango wala msamaha kwa maskini.

Na noti hufika mahali zikakataliwa. Zaire ya Mobutu, Kongo ya leo, ilitoa noti ya zaire milioni 5 mwishoni mwa 1992. Waziri mkuu Étienne Tshisekedi akatangaza kuwa si fedha halali, wenye maduka wakaikataa. Wanajeshi walikuwa wamelipwa mishahara kwa noti hizo hizo. Januari 1993 wakaingia mitaani Kinshasa na silaha, wakapora na kuua. Mwanajeshi mwenye noti mkononi isiyonunua mkate ndiye mwisho wa mpango wa kulipa watu kwa mashine ya kuchapia. Zimbabwe ilifika kwenye noti ya dola trilioni 100 Januari 2009, na miezi michache baadaye ikaiacha sarafu yake na kutumia za wengine.

Mikopo haihitaji aya ndefu. Anayenunua hatifungani ya serikali, yaani anayeikopesha serikali, anaangalia jambo moja, uwezo wa serikali kukusanya mapato miaka ijayo. Ukifuta kodi umefuta na dhamana.

Mwisho wa orodha ni mfuko wa akiba ya taifa, na huu ndio wazo pekee linaloweza kweli kufanya kazi, kama fedha zingekuwapo. Hesabu yake: gawa shimo kwa faida halisi ya mwaka, yaani baada ya kuondoa mfumuko wa bei. Norwei, wenye mfuko mkubwa kuliko wote duniani, hukadiria asilimia 3. Gawa 29.4 kwa 0.03: unahitaji akiba ya shilingi trilioni 980. Uchumi wote wa Tanzania, kila kilichozalishwa na kila mtu mwaka 2023, ulikuwa chini ya trilioni 200. Kwa hiyo ingebidi taifa liweke akiba miaka mitano ya uzalishaji wake wote bila kula hata kitumbua. Norwei nayo, pamoja na mfuko huo na watu wasiofika milioni 6, inatoza VAT ya asilimia 25. Waliamua kutoufanya mfuko kuwa mbadala wa kodi, kwa sababu mafuta yataisha na wajukuu bado watahitaji hospitali.

Nne, kata bei nusu uone

Tuseme umepata nchi ambayo hesabu yake inakubali: watu wachache, mafuta mengi. Kabla hujaandika "inawezekana", kata bei ya bidhaa hiyo nusu na urudie hesabu. Jaribio hili dunia ilishalifanya. Katikati ya 2014 pipa lilikuwa zaidi ya dola 100, na Januari 2016 lilishuka chini ya 30.

Tazama Ghuba ilifanya nini baada ya hapo. Saudia na Emirati zilianza VAT ya asilimia 5 Januari 2018, na Saudia ikaipandisha hadi 15 Julai 2020. Bahrain ilianza na 5 mwaka 2019, ikafika 10 mwaka 2022. Oman ilianza na 5 Aprili 2021. Emirati iliongeza kodi ya asilimia 9 kwa faida ya kampuni inayozidi dirhamu 375,000, kwa miaka ya fedha inayoanza Juni 2023. Oman nayo mwaka 2025 ilitunga sheria ya kodi ya mapato ya mtu binafsi, asilimia 5 kwa kipato kinachozidi rial 42,000 kwa mwaka, itakayoanza 2028, ya kwanza ya aina yake katika Ghuba. Hadi 2025, Kuwait na Qatar zilikuwa bado hazijaanza VAT. Anayekuletea mfano wa Oman leo mpe tarehe hizi: wenye mafuta wenyewe wanatoka huko tunakotamani kwenda.

Nauru ni mfano mkali zaidi. Kisiwa kidogo cha Pasifiki kilichoishi kwa fosfeti bila kodi ya mapato, kikawa miongoni mwa nchi tajiri duniani kwa kichwa miaka ya 1970. Fosfeti ikaisha, akiba ikapotea kwenye uwekezaji mbaya, na mwaka 2014 kodi ya mapato ikaanzishwa. Kuijenga ofisi ya mapato kutoka sifuri, wakati fedha zimeshaisha, ndiyo njia ngumu kuliko zote.

Tano, tafuta kodi iliyobadili jina

Serikali isiyo na fedha bado inahitaji barabara izibuliwe mitaro. Ikikosa fedha zako huchukua saa zako. Rwanda ina umuganda, Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, saa 2 hadi saa 5 asubuhi: saa 3 kwa mwezi, saa 36 kwa mwaka kwa kila mtu mzima. Tunauheshimu utaratibu huo kwa usafi uliouleta, lakini kwenye karatasi yetu unaingia safu ya kodi, kwa kuwa ni wa lazima.

Fanya jaribio la nyumbani pia. Kwa mwezi mmoja andika kila mchango uliodaiwa: ulinzi wa mtaa, taka, madawati, mlinzi wa shule, kuchonga barabara, mbio za mwenge. Tenganisha uliopewa risiti na usiopewa. Pale ambapo huduma ya umma haifiki, mchango huingia mahali pake, na mara nyingi ni kiasi kile kile kwa tajiri na kwa mjane. Kufuta kodi kwenye sheria bila kuondoa hitaji lake huhamishia mzigo huku, kwenye daftari la mjumbe, ambako Mkaguzi Mkuu hafiki.

Kuna kitu kingine cha kuandika pembeni ingawa hakina shilingi. Juni 2024 serikali ya Kenya ilileta muswada wa fedha wenye kodi mpya. Tarehe 25 vijana waliingia hadi Bungeni, na watu waliuawa siku hiyo. Tarehe 26 Rais Ruto alikataa kuutia saini. Gharama ilikuwa kubwa na inauma. Lakini kilichoirudisha serikali nyuma ni kwamba fedha inayoitaka iko mifukoni mwa watu wale wale waliokuwa barabarani. Serikali inayolipwa na kisima haina haja ya kuwaomba.

Sita, uliza swali dogo zaidi

Kama nchi uliyoipima imeshindwa, na nyingi zitashindwa, usitupe karatasi. Swali la maana zaidi ni kodi ipi moja inaweza kuondoka. Kwa kila kodi andika mambo matatu: inaingiza kiasi gani, inagharimu kiasi gani kukusanya, na ni sanduku la nani linaloishi kwayo. Kodi ya maendeleo Tanzania, ile ya kichwa, ilifutwa 2003. Iliingiza kidogo, na kuikusanya kulihitaji mgambo wa kufukuza watu vichakani, jambo lililowadhalilisha wananchi na kuichosha halmashauri.

Safu ya tatu ndiyo husahaulika. Uganda iliacha kodi kama hiyo mwaka 2005, na watu walishangilia kwa haki. Lakini ndiyo iliyokuwa chanzo kikuu cha fedha za wilaya zenyewe. Tangu hapo wilaya zimetegemea ruzuku kutoka Kampala, zenye maelekezo ya nini cha kununua, na diwani anayeombwa kukarabati kivuko cha kijiji anatakiwa kusubiri fungu ambalo hakulipanga yeye. Kwa hiyo unapofuta mstari mmoja wa kodi kwenye karatasi yako, andika kwenye mstari huo huo, kwa jina na kiasi, fedha itakayoingia kwenye sanduku hilo mwezi unaofuata.